Jumamosi Moja Kando ya Loire: Wito kwa Ndugu Zangu Tunaoishi Ulaya

Ndugu zangu mnaosoma Kiswahili mkiwa Tours, Paris, Marseille, Brussels au London, nina ombi kwenu. Itafuteni Jumamosi moja kabla majira ya joto hayajaisha, mpande baiskeli, mfuate njia ya kando ya mto kutwa nzima bila haraka.

Najua majibu yenu, maana niliwahi kuyatoa mwenyewe. Hatuna nafasi. Jumamosi ni siku ya kufua, ya kusuka watoto, ya kutuma pesa nyumbani, ya kufidia usingizi wa zamu za usiku. Tena baiskeli? Kwa wengi wetu baiskeli ni chombo cha kazi. Ndiyo iliyobeba mkaa, maziwa na magunia ya mahindi, na ndiyo iliyompeleka mgonjwa zahanati. Hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye baiskeli, kule mpakani Busia, kabla pikipiki hazijashika njia. Mtu aliyekulia hivyo akimwona mwenzake ananyonga baiskeli na hakuna kitu kwenye keria, hujiuliza anakwenda wapi na kwa sababu gani.

Mimi naishi Tours. Kwa miaka sita niliuvuka mto Loire kwa tramu kila asubuhi nikienda kazini, juu ya daraja la Wilson, na kila jioni nikauvuka tena kurudi. Niliujua kwa rangi tu: kijivu wakati wa baridi, kahawia mvua zikikithiri, na ikifika Julai mafungu ya mchanga yakijitokeza katikati kama migongo ya viboko. Chini kule niliwaona watu kwenye baiskeli, wazee kwa watoto, wakienda taratibu kama wasiodaiwa na mtu. Nikajiambia kwamba ile ni starehe ya wenye nchi. Nilikosea, na kosa hilo limenigharimu miaka sita. Nawaandikia ili lisiwagharimu na ninyi.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Goma. Kwao Goma magurudumu mawili yana heshima yake. Pale mjini imesimamishwa sanamu ya mtu anayesukuma chukudu, ule mkokoteni wa mbao uliobeba viazi na kuni za mji mzima. Alinigongea Ijumaa jioni.

"Dada, kesho tuende na baiskeli."

"Twende wapi?"

"Hakuna fasi. Tuende tu, tuone mto."

Basi tukaenda. Tulipanda treni ya asubuhi na baiskeli zetu hadi Saumur, tukavuka daraja, na ngome ya Saumur ikatukabili juu ya kilima, nyeupe kama imefuliwa. Kutoka hapo mpaka Chinon ni kilomita 30 hivi. Mwenye haraka huzimaliza kwa saa mbili. Sisi zilitumalizia siku nzima, na siku nzima ndiyo tuliyokuwa tumeitafuta.

Njia tuliyoifuata Wafaransa wanaiita La Loire à Vélo. Ina urefu wa kilomita 900 hivi, kutoka karibu na Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins, mahali Loire inapoingia bahari ya Atlantiki. Huhitaji kuimaliza, wengi huonja kipande kimoja kwa siku. Sehemu kubwa ni tambarare, kwa kuwa mto wenyewe haupendi milima, na alama za njia ziko kila penye makutano. Mahali pengine unapita juu ya matuta ya udongo yaliyoanza kuinuliwa tangu karne ya 12 ili kuzuia mafuriko. Mto ukikasirika matuta hayo huvunjika: mwaka 1846, 1856 na 1866 maji yaliyabomoa na kuingia mashambani na majumbani, na mpaka leo katika vijiji vya Loire utaona mistari iliyochongwa ukutani, kila mmoja na mwaka wake, kuonyesha maji yalifika wapi. Simama karibu na mstari kama huo na ujipime. Ndipo utakapoelewa kwa nini watu wa hapa wanauheshimu mto ambao siku ile ya Juni ulionekana umelala usingizi.

Nilianza kwa kasi. Mazoea ya kazi hayo. Mguu ukigusa kanyagio unadhani kuna saa ya kuripoti. Jirani yangu akaniita kutoka nyuma: "Dada, unakimbilia fasi gani? Mto iko hapa tu." Nikapunguza mwendo, nikaanza kuona.

Pale Souzay njia inaingia ndani ya mwamba. Si mfano, unapita na baiskeli kwenye mtaa wa zamani uliochongwa chini ya jabali, penye milango na madirisha ya watu walioishi humo. Jua la nje linakatika ghafla, baridi inakupiga mikononi, na ukipapasa ukuta vidole vinatoka na vumbi jeupe. Jiwe hilo wanaliita tuffeau, aina ya chokaa laini inayokatika kwa msumeno. Ndilo lililojenga ngome, makanisa na nyumba za bonde hili, na lilisafirishwa kwa mashua mpaka Nantes. Mashimo yaliyobaki hayakutupwa. Yamekuwa nyumba, maghala ya mvinyo na mashamba ya uyoga. Kijiji cha mbele yake, Turquant, kilijulikana kwa matofaa yaliyokaushwa kwenye tanuri ndani ya mapango hayo, kisha yakagongwa moja moja na kuwa bapa ili yasiharibike safarini. Tulionja. Ladha yake ilinikumbusha matunda makavu tuliyokula utotoni nyumbani Tanga.

Mashua zenyewe zilikuwa na chini bapa, maana Loire haina kina, na tanga moja kubwa la mraba. Zilishuka kwa mkondo na kupanda kwa upepo wa magharibi utokao baharini. Mtu wa Kilwa au Lamu, aliyezoea kungoja kaskazi na kusi, angewaelewa wale mabaharia bila mkalimani. Reli ilipofika katikati ya karne ya 19, biashara ya mashua ikafa. Mto ukabaki na kingo zake tu, na kingo hizo ndizo tunazozipita leo.

Baada ya Turquant tairi langu la nyuma likapata pancha. Tuliiweka baiskeli chini ya mti, jirani yangu akakunja mikono ya gauni, maana kaka yake alikuwa fundi baiskeli. Akatoa tyubu, akaijaza upepo, akaniambia nimwage chapati zote kwenye leso. Bakuli likachotewa maji ya Loire, tyubu ikazungushwa ndani yake polepole, mpaka mapovu madogo yakatoka mahali pamoja kama pumzi ya samaki. Akapiga msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka, akakibana kwa kidole gumba huku akihesabu kimoyomoyo.

Mzee mmoja Mfaransa aliyekuwa anapita akasimama. Alitusalimia, akauliza kama tuna kila kitu, kisha akaishika ile baiskeli ili isianguke. Wakati gundi inakauka akatuonyesha fungu la mchanga katikati ya mto, ndege weupe wakirukaruka juu yake. Ni membe, wale wadogo wenye mkia wa panda. Huja Ulaya wakati wa joto kuzaa, na baridi ikianza hurudi kwenye pwani za Afrika Magharibi. Mayai yao wanayataga mchangani pasipo na kiota cha maana, nayo yana rangi ya mchanga, hivyo anayetembea pale huyakanyaga na asijue. Ndiyo maana, alisema, msivuke kwenda kwenye mafungu yale kabla ya katikati ya Agosti. Na msiogelee: mchanga wa Loire huporomoka chini ya mguu, na mikondo yake haionekani kwa juu. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni uani kwake. Tukampa chapati. Akala, akashukuru, akaondoka.

Saa ile chini ya mti ndiyo iliyonifanya niandike. Sisi tulikuwa na pancha, yeye alikuwa na muda, na wote watatu tulikuwa mahali ambapo hakuna aliyemuuliza mwenzake ametoka wapi. Mahali pa namna hiyo ni pachache Ulaya. Kwenye treni kila mtu ana simu yake. Dukani kuna foleni, ofisini kuna namba. Njiani kando ya mto watu husalimiana kwa sababu wanapishana polepole kiasi cha kuonana nyuso. Sisi tuliolelewa kwa salamu tunaifahamu thamani ya jambo hilo kuliko wengi.

Tulipita Montsoreau, penye ngome ya karne ya 15 iliyojengwa maji yakigusa miguu yake, tukafika Candes-Saint-Martin, mahali mto Vienne unapojiunga na Loire. Mito miwili inakutana kimya kimya, na mwanzoni rangi zao hazichanganyiki. Hapo ndipo alipofia Mtakatifu Martin mwaka 397, askofu wa Tours, yule anayekumbukwa kwa kulikata joho lake vipande viwili ili maskini apate nusu. Wafaransa wanampenda kama mtu wao. Lakini alizaliwa Pannonia, katika nchi ambayo leo ni Hungaria. Leonardo da Vinci naye, aliyefia Amboise juu zaidi ya mto mwaka 1519, alikuwa Mwitalia. Bonde hili limejengwa na wenyeji pamoja na wageni, na limewazika wote katika udongo mmoja. Mgeni akija hapa leo na baiskeli ya kukodi haingii pasipomhusu.

Tena njia hii haikuota kama nyasi. Watu waliidai, wakaiandikia sheria, na wanailipia. Sheria ya Ufaransa inamtaka mwenye ardhi inayopakana na mto wa umma aache wazi ukanda wa mita 3.25 kando ya maji. Penye njia ya zamani ya kuvutia mashua, ukanda huo ni mita 7.8. Zamani ulikuwa wa watu wa mashua na wanyama wao. Baadaye wavuvi wakaruhusiwa, na tangu sheria ya maji ya Desemba 2006 mtu yeyote aendaye kwa miguu ana haki ya kupita. Kwa baiskeli, serikali za majimbo na za mitaa zimetengeneza njia maalumu na kuzitunza kwa kodi, na kodi hiyo sisi pia tunailipa, kwa kila mkate tunaonunua na kila mshahara unaokatwa.

Hata ile siku ya kupumzika ilipiganiwa. Kabla ya mwaka 1936 mfanyakazi wa kawaida wa Ufaransa hakuwa na likizo ya malipo kisheria. Baada ya migomo mikubwa ya mwaka ule, sheria ya 20 Juni ikampa wiki mbili, na watu waliokuwa hawajawahi kuiona bahari wakatoka mijini, wengi kwa treni za nauli nafuu, wengine kwa baiskeli, mume na mke kwenye baiskeli moja ya viti viwili. Leo ni wiki tano, haki ya kila mwajiriwa, awe mzaliwa au mhamiaji. Kuna wenzetu wanaozifanyia kazi wiki zao zote tano mwaka baada ya mwaka. Siwalaumu, najua bili za nyumbani na ada za shule kule tulikotoka. Nawakumbusha tu kwamba hata siku moja kati ya hizo ni yako, na kupumzika si wizi.

Basi nendeni. Gari halihitajiki, wala nguo za mashindano, wala baiskeli ya bei. Maduka ya kukodisha yapo katika miji mingi ya Loire, na baadhi hukuruhusu uchukue baiskeli mji mmoja na kuirudisha mji mwingine. Angalia masharti ya treni mapema, kwa kuwa wakati wa joto baadhi hutaka nafasi ya baiskeli iwekwe kabla. Hakikisha breki, taa na kengele vinafanya kazi. Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae kofia ngumu. Hiyo ni sheria tangu Machi 2017, na hata pasingekuwa na sheria, ni mtoto wako. Beba maji, kiraka na pampu, na chakula cha nyumbani. Chapati na chupa ya chai zilitufikisha Chinon tukiwa na nguvu.

Na mkienda, nendeni kama watu waliofunzwa. Piga kengele mapema unapompita mzee, usimshtue. Shuka kwenye baiskeli penye kundi la watoto. Taka zako zirudi nawe. Mafungu ya mchanga waachie membe. Salimia kila unayepishana naye, hata asiyeitikia. Wapo watakaokutazama kwa mshangao, kwa sababu hawajazoea kutuona pale. Mshangao huo utakwisha siku tutakapokuwa wengi njiani, na hilo liko mikononi mwetu kuliko mwa mtu mwingine.

Mwenye nguvu na aifuate njia mpaka Nantes. Lakini akifika asipite haraka. Kutoka bandari ile ziliondoka zaidi ya safari 1,700 za meli za watumwa. Tangu mwaka 2012 kuna mahali pa kumbukumbu ukingoni mwa Loire, ambapo vibao vya kioo karibu 2,000 vimezikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, vyenye majina ya meli za safari hizo na ya bandari za biashara ile. Historia hiyo haikutupita sisi wa upande wa mashariki: mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Shuka kwenye baiskeli, tembea, waonyeshe watoto. Mto uliotupa burudani siku nzima unastahili kujulikana wote, pamoja na yale uliyoyabeba.

Kwa ndugu walioko nyumbani, nina neno pia. Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Wengi wetu tunazijua mita hizo 60 kwa bomoabomoa tu. Diwani unayesoma haya, na wewe mwenyekiti wa mtaa, wafundisheni watu kuzijua kwa njia nyingine pia: ukanda wa miti na kivuli, ambapo bibi atapita kwa miguu na kijana kwa baiskeli, na mto ukifurika usikute mtu amelala. Wafaransa hupita kwenye mita 3.25.

Tulifika Chinon jua likiwa bado juu, tukaziegemeza baiskeli chini ya ngome, ile ambamo Jeanne d'Arc alikutana na mwana wa mfalme mwaka 1429. Miguu ilikuwa mizito na vichwa vyepesi. Kwenye treni ya kurudi Tours jirani yangu alisinzia, mikono yake ingali na alama nyeusi za mnyororo. Jumatatu nilipovuka daraja la Wilson kwa tramu nilitazama chini na kwa mara ya kwanza nilijua njia ile inakwenda wapi.

Miongoni mwetu yupo mtu anayeuona mto kila siku kupitia dirishani. Pengine ni mfanyakazi mwenzako, au shangazi aliyefika mwaka jana na hatoki ndani. Mgongee mlango Ijumaa jioni, umwambie kesho mnakwenda. Mimi nisingetoka kama nisingegongewa.